Roli Mbichi za Kivietnam Zisizo na Nyama: Majani Kwanza, Chumvi Iko Kwenye Sosi

Ndani ya roli mbichi za Kivietnam, zile ambazo watu wa kusini mwa Vietnam huziita gỏi cuốn, karibu hamna chumvi. Karatasi ya mchele hutiwa chumvi kidogo tu inapotengenezwa, tambi huchemshwa kwa maji matupu, mboga ni mbichi, na majani huingia kama yalivyochumwa, baada ya kuoshwa. Mtu anayeonja roli moja kavu, bila kuichovya, hushangaa ni kwa nini chakula hiki husifiwa kiasi hicho, na mshangao wake ni wa haki, kwa sababu ameonja nusu ya chakula. Nusu ya pili imo katika kibakuli kilicho pembeni. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa kuwa maelekezo mengi niliyowahi kuyasoma hutumia aya nzima kueleza namna ya kukunja, kisha huimaliza sosi kwa mstari mmoja na kuyataja majani yenye harufu kana kwamba ni pambo. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa: majani na sosi ndivyo vinavyoibeba roli, ilhali kukunja ni kazi ya mikono ambayo huzoeleka upesi.

Roli za kawaida huwa na nyama ya nguruwe iliyochemshwa na kamba waliopasuliwa katikati, na sosi yake nyepesi hutegemea nước mắm, yaani maji ya chumvi yanayotokana na samaki wadogo waliochachushwa kwa miezi mingi, ambayo kisiwa cha Phú Quốc na mji wa Phan Thiết vinasifika kwayo. Hata hivyo, anayeziandaa bila kitu chochote cha mnyama habuni chakula kipya. Wabudha wengi wa Vietnam hula chay, mlo usio na nyama wala samaki, siku ya 1 na siku ya 15 ya kila mwezi mwandamo, na watawa hula hivyo mwaka mzima. Mji wa Huế, uliokuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Nguyễn, una sifa ya pekee kwa mapishi hayo. Katika mkoa wa Tây Ninh, karibu na mpaka wa Kambodia, ndipo yalipo makao makuu ya dini ya Cao Đài, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1926, ambayo waumini wake hujizuia kula nyama siku kadhaa za kila mwezi, na mkoa huohuo ndio unaojulikana nchini kote kwa karatasi zake za mchele. Kwa kuwa maziwa na siagi havikuwa na nafasi kubwa katika mapishi ya jadi ya Vietnam, mlo wa chay uko karibu sana na mlo wa mimea mitupu ambao siku hizi watu wengi wanautafuta. Ipo tofauti moja inayofaa kukumbukwa: wanaoshika masharti kwa ukali huacha pia kitunguu saumu na jamii yote ya vitunguu, kwa kuwa huhesabiwa miongoni mwa viungo vikali vinavyochochea tamaa. Sosi zangu zina kitunguu saumu, kwa hiyo atakayempikia mgeni Mbudha ni vizuri amuulize kwanza.

Karatasi ya mchele, bánh tráng, inastahili kueleweka kabla ya kununuliwa, maana ukijua ilivyotengenezwa hutaisumbua kwa maji ya moto. Uji mwembamba wa unga wa mchele humwagwa juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye mdomo wa chungu cha maji yanayochemka, ukafunikwa, na kwa muda usiofika dakika moja mvuke huwa umeuivisha. Kisha huinuliwa kwa kijiti na kutandazwa juu ya chanja za mianzi, ukaachwa juani hadi ukauke. Ile michoro midogo ya miraba unayoiona kwenye karatasi kavu ni alama ya chanja hizo, ingawa viwandani alama hiyo hupatikana kwa njia nyingine. Maana yake ni kwamba kitu unachokinunua kimekwisha kuiva, na kinachokosekana ni maji tu. Katika eneo lililokuwa mkoa wa Bình Định husimuliwa kwamba askari wa Nguyễn Huệ, jemadari aliyejitangaza mfalme wa Vietnam, katika mwendo wao wa kasi kwenda kaskazini kupambana na majeshi ya nasaba ya Qing ya China mwaka 1789, walikula karatasi hizi njiani kwa sababu hazikuhitaji kuwasha moto. Iwe kweli au iwe ngano, simulizi hiyo inaeleza vizuri tabia ya kitu chenyewe. Trảng Bàng, huko Tây Ninh, wana aina yao ya tabaka mbili ambayo hukaushwa, hubanikwa kidogo, kisha huachwa nje usiku ipate umande, na hiyo huliwa bila kuchovywa majini kabisa.

Pakiti zinazotufikia Dar es Salaam, katika maduka makubwa na kwa wauzaji wa vyakula vya Asia, mara nyingi zina wanga wa muhogo uliochanganywa na mchele, na nyingine zina wanga mwingi kuliko mchele. Soma orodha ya viambato. Karatasi yenye wanga mwingi wa muhogo hung'aa zaidi, huvutika bila kuchanika na hutafunika kwa ukinzani fulani. Yenye mchele mwingi ni laini zaidi mdomoni lakini huchanika kwa urahisi. Anayeanza nampa ushauri wa kuchukua ile ya muhogo mwingi, na upana wa sentimita 22, kwa kuwa ndogo zaidi ya hapo humlazimu mtu kujaza kidogo mno, na kubwa zaidi huacha tabaka nyingi za karatasi tupu mwishoni mwa mkunjo.

Kwa watu 4, roli 12 zinatosha, na kwa hizo unahitaji takriban gramu 150 za tambi nyembamba za mchele zikiwa kavu. Zichemshe dakika 3 hadi 5 kulingana na unene wake, zimwage kwenye chujio, zisuuze kwa maji baridi hadi wanga wa juu utoke, kisha uziache zichuje maji nusu saa nzima. Sina la kuongeza kuhusu tambi, isipokuwa kwamba huwekwa nyingi mno. Roli iliyojaa tambi hushibisha haraka na haina ladha. Kiasi cha unene wa vidole viwili kinatosha, na mtu akikisahau kabisa roli bado italiwa kwa furaha.

Majani ndiyo yasiyosahaulika. Meza ya kusini mwa Vietnam huwa na sinia la majani mabichi ambalo kwa macho ya mgeni linatosha kulisha mbuzi, na ndani yake hupatikana nanaa, mrehani wenye harufu ya bizari tamu, kotimiri, tía tô yenye jani la kijani juu na zambarau chini, rau răm inayowasha kidogo ulimini, na kinh giới yenye harufu inayokaribia ya limau. Hizo tatu za mwisho sizitegemei kupatikana hapa, wala sioni haja ya kuzitafutia mbadala wa kulazimisha, kwa sababu nanaa, kotimiri na mrehani tunavyo na vinatosha kufanya kazi vikiwekwa kwa wingi unaostahili. Kwa roli moja naweka majani 6 au 8 ya nanaa, majani 3 ya mrehani na vijiti viwili vitatu vya kotimiri pamoja na mashina yake, maana shina la kotimiri lina harufu kuliko jani. Mrehani huku pwani tumeuzoea zaidi kwenye vikuba pamoja na asumini kuliko kwenye sahani, na wageni wangu wengine husitasita wanapouona ukielekea mdomoni. Lakini ni mmea wa spishi ileile wanaoutumia Wavietnam, hata kama aina yao ina shina la zambarau na harufu tofauti kidogo. Soko la Kisutu ndiko ninakoyapata majani haya yakiwa mabichi kweli, asubuhi, kabla jua halijayalaza. Kwa kuwa hayapiti motoni hata kidogo, yaoshwe kwa maji safi na salama, tena yakung'utwe hadi yakauke, kwani jani lenye maji huilowesha karatasi kutoka ndani na kuipasua.

Pamoja na majani nakata karoti, tango lililotolewa mbegu na kabichi ya zambarau, vyote kwa vipande vyembamba vyenye urefu wa kidole, na kila roli hupata jani moja la saladi. Karoti huwa naiacha kwenye siki, sukari na chumvi kidogo kwa nusu saa, ikawa ndiyo mboga pekee yenye chumvi ndani ya roli. Embe linaloanza tu kuiva hufaa sana. Parachichi pia, ingawa mimi huliona zito na huliweka pale tu ninapokosa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Machipukizi ya choroko yanaweza kuoteshwa nyumbani bila gharama: choroko hulowekwa usiku kucha, huwekwa kwenye chujio gizani chini ya kitambaa chenye unyevu, husuuzwa mara mbili au tatu kila siku, na kufikia siku ya 3 au ya 4 huwa yako tayari. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache kabla ya kuyatumia, kwa kuwa joto na unyevu vinavyootesha choroko huzalisha pia bakteria.

Kuhusu tofu, wifi yangu, ambaye ni Msabato na hali nyama, aliwahi kuniambia waziwazi, “Wifi, mimi tofu nimeila miaka yote, na hii yako haina ladha ya chochote.” Alikuwa sahihi, na jibu lipo katika mapishi ya Kivietnam yenyewe, ambamo tofu hukaangwa kwa mchaichai na pilipili. Chukua gramu 300 za tofu ngumu, ikandamize kati ya vitambaa viwili chini ya kitu kizito hadi maji yatoke, ikate vipande virefu, kisha uipake mchanganyiko wa vijiko viwili vya sosi ya soya, sehemu nyeupe za mchaichai mbili zilizotwangwa laini kabisa, kitunguu saumu na pilipili. Iache saa moja, kisha ikaange kwa mafuta kiasi hadi pande zote ziwe na rangi ya kahawia. Mchaichai usipotwangwa vizuri hubaki nyuzi zinazonasa menoni, kwa hiyo kinu na mchi ni bora hapa kuliko kisu.

Ipo njia nyingine ambayo naipenda hata zaidi, inayotokana na roli ziitwazo bì cuốn chay. Badala ya vipande vikubwa vya tofu, unachanganya tofu iliyokaangwa na kukatwa nyuzinyuzi, pamoja na viazi vitamu vilivyokatwa hivyohivyo na kukaangwa hadi vikauke, halafu unanyunyizia thính, ambayo ni unga wa mchele uliokaangwa. Huo unga hautengenezwi kwa shida: mchele mkavu hukaangwa bila mafuta, kwa moto mdogo, hadi uwe na rangi ya kahawia na harufu ya kokwa zilizochomwa, kisha hutwangwa, ukaachwa na chembechembe ndogo. Kijiko kimoja kwa bakuli zima huleta ladha ambayo mlaji ataihisi bila kuweza kuitaja.

Sasa kukunja. Weka maji ya kawaida kwenye sinia pana. Maji ya bomba ya Dar es Salaam yana uvuguvugu wa kutosha, na maji ya moto huigeuza karatasi kuwa gundi. Pitisha karatasi moja majini kwa sekunde mbili tatu, itoe ikiwa bado ngumu, ilaze kwenye ubao uliolowana, halafu usubiri. Hapo ndipo subira inapohitajika, kwa sababu karatasi huendelea kunyonya maji iliyotoka nayo, na baada ya nusu dakika hivi huwa laini kiasi cha kukunjika. Anayeisubiri ilainike ikiwa bado majini atainua kitu kisichoshikika. Upande wenye michoro uwe juu ili upande laini ubaki nje. Panga majani yanayopendeza na vipande vya kabichi katika theluthi ya juu, kwa kuwa ndivyo vitakavyoonekana kupitia karatasi. Katika theluthi ya chini laza jani la saladi, na juu yake tambi, tofu, karoti, tango na majani yaliyobaki. Jani la saladi lina kazi mbili, kuzishika tambi na kuzuia ncha za karoti zisitoboe. Inua ukingo wa chini, ufunike vilivyomo, vivute nyuma na kukaza kama mtu akunjaye mkeka, kunja pande mbili ndani, kisha uviringishe hadi mwisho. Karatasi hujigandisha yenyewe. Kusini mwa Vietnam hupenda kuchomeka jani la hẹ, aina ya kitunguu chenye majani bapa, likachomoza upande mmoja. Kitunguu majani chembamba hufanya kazi hiyo vilevile.

Sosi ya karanga ndiyo ninayoianza kabla ya yote, maana hunoga ikipoa. Kaanga punje mbili za kitunguu saumu kilichokatwakatwa katika kijiko cha mafuta, na kabla hakijawa kahawia tia vijiko vinne vikubwa vya siagi ya karanga isiyo na sukari, vijiko vitatu vya hoisin, sosi nzito na tamu ya soya ya Kichina, na mililita 150 za maji ya dafu. Mwanzoni karanga zitakaza na kuonekana zimeharibika. Endelea kukoroga, zitalegea. Maji ya dafu si ubunifu wangu wa kipwani, kwa kuwa delta ya mto Mekong ina minazi mingi, hasa Bến Tre, na wapishi wa huko huyatumia kwa kupikia na kwa sosi pia. Hoisin ikikosekana, changanya vijiko viwili vya sosi ya soya na kijiko kimoja cha sukari guru, ladha haitakuwa ileile lakini itakuwa nzuri. Sosi ichemke kwa moto mdogo dakika chache na iepuliwe ikiwa bado nyepesi kuliko unavyoitaka, kwani itazidi kuwa nzito. Mwishoni naongeza kijiko cha maji mazito ya ukwaju, kwa sababu sosi za karanga zisizo na uchachu huchosha ulimi mapema. Juu yake nyunyizia karanga zilizotwangwa nusunusu na pilipili mbichi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe bila huruma, kwa kuwa kukaanga hakuimalizi sumukuvu.

Sosi ya pili ni nyepesi, nayo huchukua nafasi ya ile ya samaki. Wapishi wa chay hutumia sana nanasi kwa kazi hii, na ukilijaribu utaona sababu: chemsha kikombe cha vipande vya nanasi kwa vikombe viwili vya maji na kijiko kidogo cha chumvi kwa dakika 20, chuja, na utapata maji yenye utamu, uchachu na uzito fulani ambao ndimu na sukari peke yake havitoi. Kwa mililita 100 za maji hayo tia kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sukari, koroga hadi iyeyuke, kisha vijiko viwili vya maji ya ndimu na vijiko viwili vya sosi ya soya iliyo nyepesi. Kitunguu saumu na pilipili, vikiwa vimekatwa vidogo sana, huwekwa mwisho ili vielee juu, na sosi iliyotengenezwa vizuri hutambulika kwa hilo hata kabla ya kuonjwa. Ionje ukiwa umechovya kipande cha tango, kwani kwa kijiko itaonekana kali mno. Inatakiwa izidi chumvi, kwa kuwa itagawanywa na majani yote yale.

Anayewaalika watu anaweza kujiondolea kazi kubwa kwa kufanya kama familia nyingi za huko zinavyofanya: viambato vyote hupangwa mezani, bakuli la maji katikati, na kila mtu hujikunjia. Watoto hufurahia, na asiyependa mrehani hana wa kumlaumu. Ukizikunja mapema, usiziache zigusane, kwani zitashikana na kuchanika zinapotenganishwa; zipange kwa nafasi, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, na ziliwe ndani ya saa mbili. Jokofuni wanga wa mchele hukaza na karatasi huwa ngumu kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo ni afadhali kubaki na viambato kuliko kubaki na roli.

Karatasi zilizovunjika ndani ya pakiti, ambazo hazikosekani, hazitupwi. Vijana wa Saigon wana kitafunwa cha barabarani kiitwacho bánh tráng trộn, ambacho karatasi kavu hukatwa kwa mkasi kuwa vipande vyembamba, zikachanganywa na embe bichi lililokunwa, majani ya rau răm, karanga, mafuta, pilipili, na vitu vingine kama nyama kavu na mayai ya kware. Ondoa hivyo viwili vya mwisho, weka kotimiri mahali pa rau răm, kamulia ndimu, ongeza chumvi na kijiko cha maji ya ukwaju, kisha uchanganye kwa mkono na usubiri dakika tano ili karatasi zilainike nusu tu. Aliyekulia pwani akila embe bichi kwa chumvi na pilipili hahitaji kushawishiwa.